Kama alikuwa shujaa, mbona hakuandikwa?

Jumapili iliyopita nilikuwa Kibuye hapa Kisumu kwa fundi wa saa, nilikuwa nimempelekea saa ya marehemu baba, na nikiwa hapo nimekalia ndoo nangoja akaja kijana mmoja ametoka upande wa Luanda, hapo Vihiga, na mkebe wa Kimbo kwapani. Akaufungua. Ndani kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa nyota ya pembe sita, rangi yake imekuwa kama ya ufunguo wa zamani, na kipande cha utepe ambacho mende wamekula upande mmoja lakini bado unaona ile buluu nzito na mstari mwekundu katikati. "Mzee, niangalilie kama hii ni dhahabu." Fundi akaweka kioo chake jichoni, akaigeuza geuza, akaikwaruza kidogo na ukucha, akamwambia, "Kijana wangu, hii ni shaba. Mtu wa skrapu hawezi kukupea hata mia."

Alafu akaigeuza nyuma na nyuma hakukuwa na kitu, hakuna jina, hakuna namba, laini tu kama sarafu iliyosuguliwa. Kuna jamaa alikuwa amesimama hapo anangoja simu yake, akasema hayo maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike haya yote: "Kama huyo babu yenu alikuwa shujaa kweli, si wangemwandika jina?" Watu wawili watatu wakatikisa kichwa kukubali. Kijana akanyamaza, akaanza kukunja kitambaa chake.

Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na nataka kusema kwamba swali la yule jamaa sio la kijinga. Ni swali ambalo wengi wetu huku magharibi tunalo moyoni hata kama hatulitoi mdomoni. Kila boma la tatu hapa kuna mzee alienda Keya, ndivyo walivyoita hiyo KAR, King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wengine wakafika Burma huko Asia vita vya Hitla, na bado ukifungua vitabu kutafuta mashujaa waliopewa nishani kubwa unakutana na majina ya wazungu ukurasa baada ya ukurasa, kwa hivyo mtoto akisoma anafikiri basi sawa, wale ndio walipigana na wetu walikuwa wanabeba mizigo. Hapo ndipo nakataa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza hiyo nyota yenyewe. Ile ni Burma Star, na haikuwa nishani ya ushujaa. Ilikuwa ya kila mtu aliyehudumu kwa hivyo vita vya Burma, na zile nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina, hata ya Mwingereza mwenyewe kutoka London ilikuja tupu nyuma vile vile. Kwa hivyo kukosa jina hapo hakusemi chochote kuhusu mzee wa Luanda. Nishani nyingi za ushujaa za askari wa kawaida ndizo zilikuwa zinachongwa namba na jina pembeni kwenye ukingo, na nyingi za vita vya kwanza pia zina jina ukingoni, kwa hivyo wewe mwenye kitu kama hicho nyumbani tafadhali usikisugue na waya wa sufuria kabla ya kuangalia ukingo na kioo.

Lakini tuseme basi tunaongea juu ya nishani ya ushujaa yenyewe, ile kubwa kabisa, Victoria Cross. Hiyo inatoka wapi? Watu wanafikiri inatoka vitani. Kwangu mimi inatoka mezani. Mtu anafanya kitendo, kuna mkubwa anakiona ama anaambiwa, huyo mkubwa anachukua kalamu anaandika ripoti, kwa kawaida inatakiwa mashahidi watatu, ripoti inapanda kutoka batalioni kwenda juu na juu zaidi mpaka inafika kwa mfalme, alafu inachapishwa kwa gazeti rasmi la serikali huko London. Mahali popote hiyo karatasi ikikatika, nishani hakuna, na kile kitendo kimebaki pale pale kilipofanyika, kwa matope.

Nichukue ofisa mmoja wa infantri mnione nasema nini. Kapteni Eric Wilson, wa rejimenti ya East Surrey, alikuwa ameazimwa kwa kikosi cha ngamia cha Somaliland, Somaliland Camel Corps, kijana wa miaka 27 mwenye miwani. Agosti 1940 Waitaliano wakaingia Somaliland ya Waingereza, na barabara ya kwenda bandari ya Berbera inapita kwa pengo la vilima panaitwa Tug Argan. Wilson akawekwa juu ya kilima kimoja, Observation Hill, na bunduki za rashasha na askari wake Wasomali. Tarehe 11 Waitaliano wakaleta mizinga karibu, kombora likapenya moja kwa moja kwenye tundu la ngome yao, yeye akaumia bega la kulia na jicho la kushoto, bunduki zikang'oka kwenye stendi zake, akazitengeneza akazirudisha akaendelea kupiga. Tarehe 12 na 14 wakapigwa tena na vidonda bado havijafungwa. Tarehe 15 bunduki mbili zikasambaratika kabisa, yeye sasa ana malaria juu ya vidonda, na bado ile yake inalia. Siku nne na zaidi juu ya mawe, jua la Somaliland mwezi wa nane.

Huyo alistahili. Sina neno dhidi yake, na mtu yeyote anayejua kukaa na homa ya malaria hata kitandani atakubali.

Sasa angalia karatasi yake. Taarifa ya nishani iliyochapishwa London Oktoba 1940 inamaliza kwa kusema kwamba saa kumi na moja jioni ya tarehe 15 adui walifanikiwa kuingia pale, na Kapteni Wilson, akipigana mpaka mwisho, akauawa. Akauawa, ndivyo wameandika. Na hakuwa amekufa! Waitaliano walimshika, akapelekwa kambi ya mateka huko Eritrea, Victoria Cross ikatangazwa kama ya marehemu na yeye yuko hai anakula chakula cha mateka, mpaka 1941 Waingereza walipoichukua Eritrea ndio akatoka. Aliishi mpaka Desemba 2008, akiwa na miaka 96.

Hiyo habari huwa inasimuliwa kama kioja, mtu alifufuka na medali, lakini mimi huwa naiona kwa njia nyingine. Karatasi yenye uzito wa kutosha kutoa nishani kubwa kuliko zote kwa ufalme mzima ilikosea jambo la kwanza kabisa kuhusu mtu, kama yuko hai ama amekufa. Haikuwa uongo, walioandika waliandika walivyoamini. Lakini basi kama karatasi iliyoandikwa kwa uangalifu namna hiyo inaweza kukosea kwa kile ilichokitaja, unawezaje kuchukua kimya chake kama ushahidi, useme ati kwa sababu haikumtaja babu wa Luanda basi hakufanya kitu?

Na kuna sentensi ndogo hapo katikati ambayo mimi ndiyo inaniuma zaidi. Taarifa inasema kwamba wakati Wilson anaendelea kupiga, sajini wake Msomali aliuawa kando yake. Sajini wake Msomali. Jina hakuna. Mtu alikuwa kwa kilima kile kile, nyuma ya mawe yale yale, kombora ni lile lile, na tofauti na kapteni huyu alikufa kweli, na karatasi ikampa maneno matatu. Wilson hakuwa peke yake kule juu, bunduki ya rashasha haipigwi na mtu mmoja siku nne, kuna wa kulisha risasi, kuna wa kuleta maji, kuna wa kubeba masanduku kutoka chini. Hao wote ni kina nani?

Sasa lete hayo huku kwa Keya yetu. Vita vya pili vyote hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyepewa cheo kamili cha ofisa. Mwaka 1942 waliunda cheo kinaitwa warrant officer platoon commander, yaani Mwafrika anaongoza platuni kabisa, anawapeleka watu kwa moto na kuwarudisha, lakini ofisa hajakuwa. Mwaka huo huo huko Gold Coast, Ghana ya leo, Seth Anthony alipewa cheo cha ofisa na akaenda Burma, kwa hivyo haikuwa kitu kisichowezekana, ilikuwa kitu ambacho huku kwetu hawakutaka. Na ofisa ndiye mwenye kalamu. Hapo ndipo penye shida yote, kwa sababu ukiwa na jeshi ambalo anayepigana ni mmoja na anayeandika ni mwingine, ushujaa utaandikwa pale tu macho ya mwenye kalamu yalipofika.

Fikiria doria ya usiku kwa msitu wa Burma. Watu kumi, sajini Mluhya ama Mkalenjin mbele, mvua, hakuna ofisa. Wanakutana na Wajapani, mtu mmoja anabaki nyuma anawazuia wenzake watoke. Asubuhi sajini anaripoti kwa Kiswahili cha Keya kwa luteni aliyefika kutoka Uingereza juzi na hajui Kiswahili zaidi ya kuagiza chai, luteni naye anaandika kwa Kiingereza mstari mmoja, doria ilikutana na adui, hasara mtu mmoja. Basi. Hapo hakuna mtu mbaya, sajini amesema ukweli na luteni ameandika ukweli, lakini ule ushujaa umeisha njiani kati ya mdomo na karatasi.

Kuna wa kuniambia Waingereza hawakuwapa watu weusi na watu wa Asia nishani kubwa wakati huo, ilikuwa ni mambo ya enzi. Sio kweli yote. Wahindi walifunguliwa mlango wa Victoria Cross mwaka 1911, na huko huko Burma, kwa msitu ule ule na dhidi ya adui yule yule, Wahindi na Wagurkha wa Nepal waliipata. Askari Mwafrika wa KAR hata mmoja hakuipata. Kwa muda mrefu askari wetu walikuwa hata na medali yao ya ushujaa ya pembeni, DCM ya KAR, tofauti na DCM ya askari wa Uingereza, mpaka 1942 ndio wakaanza kupewa ile moja na wengine. Lakini Wahindi walikuwa na maofisa wao wenyewe, wakubwa wenye cheo waliotoka vijiji vimoja na askari, wanaoongea lugha yao na wanaojua kuandika ripoti. Mimi naona hiyo ina uzito sana. Sisemi ni sababu pekee, dharau ilikuwepo tena nyingi, lakini dharau pia ilipitia kwa kalamu.

Victoria Cross pekee ya KAR vita vya pili ni ya Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kiganjo, aliyepanda juu ya kifaru cha Waitaliano huko Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941 akakifungua kifuniko na kuwapiga risasi waliokuwa ndani. Kitendo cha ajabu, mwili wake haukupatikana. Nishani yake ilitangazwa Novemba 1945. Yaani hata kwa mzungu, mtu wa ukoo unaojulikana, karatasi ilichukua zaidi ya miaka 4. Sasa wewe hesabu ya askari wa Maragoli ingechukua mingapi.

Narudi kwa Wilson kwa sababu habari yake inatugusa karibu kuliko watu wanavyojua. Baada ya kutoka kwa Waitaliano na kupigana jangwani, alipelekwa Burma akiwa namba mbili wa batalioni ya 11 ya KAR, batalioni ya Kenya. Ilikuwa ndani ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika ya huko, matope mpaka magoti, nyumbu wanazama, malaria, na ile taifasi inayoletwa na utitiri wa vichakani. Wakasukuma mpaka Kalewa na Desemba wakavuka mto Chindwin. Wilson mwenyewe aliugua hiyo taifasi, akarudishwa Afrika, akawekwa kusimamia kituo cha mafunzo ya askari Jinja, hapo tu ng'ambo ya Busia. Alafu baada ya jeshi akafanya kazi ya serikali Tanganyika mpaka 1961. Kwa hivyo huyo shujaa aliyeandikwa alikula matope yale yale na wazee wetu ambao hawakuandikwa, bonde lile lile, ugonjwa ule ule. Mzee wa Luanda mwenye ile nyota, ukimweka pembeni ya Wilson kwa hilo bonde, huwezi kuona tofauti mpaka uje kwa meza ya karani.

Na kama bado hujaamini nguvu ya kalamu, panda hapo juu Nandi Hills. Tarehe 19 Oktoba 1905 ofisa wa Keya, Richard Meinertzhagen, alienda kukutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wao mkuu wa kiroho, kwa mazungumzo ya amani, na akampiga risasi hapo hapo. Uchunguzi ulifanywa mara tatu na mara tatu akasafishwa. Aliondolewa Kenya 1906, lakini vita vya kwanza vikamkuta bado ofisa, akapata nishani ya DSO, akaandika madaftari na madaftari ya maisha yake mwenyewe, ambayo baadaye wasomi walionyesha kuwa ameyageuza geuza na mengine kuyatunga. Fimbo za Koitalel zilikaa kwa familia ya Meinertzhagen mpaka 2006 ndio zikarudi. Huyo mtu alikuwa na kalamu na alijua kuitumia. Wanandi walikuwa na wimbo, simulizi na kaburi, na wakaendelea kusema ilikuwa mazungumzo ya amani, ilikuwa mazungumzo ya amani, miaka 100 wanasema hivyo, mpaka dunia ikasikia. Kwa nini mimi nimwamini mwenye daftari kuliko bibi wa Nandi?

Pale Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu za shaba za watu watatu zilizozinduliwa 1928, na chini kumeandikwa, kwa Kiswahili pia, kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Nimesimama hapo na wanafunzi mara nyingi. Nawaambia wazunguke watafute jina. Wanazunguka. Hakuna hata moja. Wale wapagazi wa Kariakoo, ile Carrier Corps ya vita vya kwanza, wengi wao wakiwa watu wa huku Nyanza na magharibi, hawakuandikwa hata kwa mawe, na mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali yenyewe kwa ripoti kwamba angalau watu 116,000, na huenda kufika 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri waliokufa kwa vita vya kwanza, hawakukumbukwa kwa jina ama hawakukumbukwa kabisa. Hapo gatini Kisumu ndipo walipopandia meli Juni 1915 kwenda kushambulia Bukoba, Keya pamoja na batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha Waingereza. Septemba mwaka huo huo luteni mmoja wa hao Fusiliers, Wilbur Dartnell, alikataa kuwaacha majeruhi wake huko Maktau akafa nao, akapewa Victoria Cross, na kaburi lake liko Voi na jina limechongwa. Vizuri sana. Aliyembebea maji je?

Basi hayo ndiyo nilitaka kumjibu yule jamaa wa simu, lakini mdomo wa mtu sokoni hauna nafasi ya historia yote, kwa hivyo nikamwuliza kijana kitu kimoja tu, nyumbani nani amebaki anayemkumbuka mzee. Akasema, "Mwalimu, ni shangazi peke yake." Nikamwambia mpigie sasa hivi. Akapiga, akaweka spika, fundi akazima redio.

Shangazi alikuwa shambani, unasikia kuku. Kijana akamsalimia, akamuuliza kuhusu ile nyota. Akasema mzee hakuwa anaongea mambo ya Burma, ila mvua kubwa ikinyesha alikuwa anatoka anakaa kwa mlango mpaka iishe. Alafu akasema, "Si unajua jina la baba yako limetoka huko?" Kijana akanyamaza. Wao ni Wamaragoli, baba na mama, na baba yake ana jina la Kikamba, liko mpaka kwa kitambulisho cha kijana, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuuliza. Shangazi akaeleza kwamba kulikuwa na Mkamba alipigwa risasi ya mguu huko msituni, na mzee alimbeba mgongoni kwa matope siku mbili mpaka wakapata wenzao, alafu aliporudi nyumbani mtoto wa kwanza wa kiume akamwita yeye. Mama yao akakataa, mzee akasema mtoto ni huyo.

Nikatoa daftari kwa mfuko nikaanza kuandika, tarehe, jina la mzee, jina la Mkamba, mguu gani.

Fundi bado ameshika ile nyota. Akainamia simu akauliza, "Mama, na huyo Mkamba alifika kwao?"

"Alifika," shangazi akasema. "Amekuja hapa mara mbili. Ya pili ilikuwa matanga ya mzee."